Mito Haina Hatia: Hoja Juu ya Mji wa Cairo

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii yafaa kuitwa shahidi katika kesi ambayo imesikilizwa kwa muda mrefu katika vitabu vya jiografia na historia. Washitakiwa katika kesi hiyo ni mito miwili, na marehemu ni mji mdogo wa Marekani uitwao Cairo. Mji huu upo katika ncha ya kusini ya jimbo la Illinois, mahali mto Ohio uingiapo katika mto Mississippi. Hesabu ya watu ya mwaka 1920 ilikuta humo watu 15,203. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta watu 1,733. Katika muda wa miaka mia moja, basi, karibu kila watu tisa alibaki mmoja. Waandishi waliokwenda kuyatazama maduka yake yaliyozibwa kwa mbao na njia zake zilizoota majani wamerudi, wengi wao, na hukumu moja: kwamba mahali ndipo palipouponza mji; kwamba ulizaliwa majini, na maji yakadai haki yake.

Hukumu hiyo ni nyepesi kuandika na tamu kusoma, lakini si kweli. Nakusudia kuipinga, wala si kwa sababu ya mji mmoja wa mbali peke yake. Mwanafunzi akizoea kuamini kwamba ardhi ndiyo iamuayo nani aishi na nani aangamie, hana tena haja ya kuuliza nani alifanya nini. Na pasipoulizwa nani alifanya nini, mdhulumu hulala usingizi mtulivu, na aliyedhulumiwa huambiwa alaumu mvua.

Kwanza tuwape wapinzani wetu haki yao. Ni kweli kwamba mahali pale ni pagumu. Mji umekaa juu ya ulimi mwembamba wa nchi tambarare iliyoletwa na mito yenyewe, nchi ya tope na mchanga. Umezungukwa na matuta na kuta za kuzuia mafuriko, na upande wa kaskazini, penye njia iingiayo mjini, liko lango kubwa la chuma liwezalo kushushwa maji yakizidi, mji ukawa kama bakuli lililofunikwa pande zote. Tena maji hayapiti juu tu. Mito inapojaa hupenya chini ya matuta na kububujika ndani ya mji kutoka katika mchanga. Charles Dickens alipita hapo mwaka 1842, akaona kinamasi, homa na nyumba zilizoachwa kabla ya kumalizika, akapaeleza kwa chuki kubwa katika kitabu chake cha safari za Marekani. Hapana anayesema kwamba ni mahali pepesi.

Lakini watazame watu wa kwanza waliopasifu mahali papo hapo. Mwaka 1818 wafanya biashara walipata idhini ya kuanzisha mji na benki katika makutano hayo, wakaupa jina la mji mkuu wa Misri. Na eneo lote la kusini mwa Illinois likaja kuitwa Misri Ndogo, likapata na vijiji vya Thebes na Karnak. Jina lilivuka bahari, illa matamshi yake yalipotea njiani, kwani wenyeji hulitamka kwa namna ambayo sikio la Mswahili husikia neno “kero.” Jaribio hilo la kwanza likavunjika. Mwaka 1837 ikaundwa kampuni nyingine, chini ya Darius Holbrook, ikauza hati za mkopo huko London. Hoja yake ilikuwa ramani: mito miwili mikubwa yakutana hapa, kwa hiyo hapana budi mji mkubwa kuliko yote ya bara ujengwe hapa. Nyumba ya fedha ya London iliyozishughulikia hati hizo ilifilisika mwaka 1840, na watu wakatawanyika.

Ona basi ajabu hii. Muuzaji wa mwaka 1837 alionyesha makutano ya mito akasema kuwa mji lazima utakuwa mkubwa. Mwandishi wa siku za karibuni aonyesha makutano hayo hayo asema kuwa mji lazima ungekufa. Mito haikuhama, wala tope halikubadilika. Sababu moja ikiweza kueleza kupanda na kushuka kwa namna ile ile, haijaeleza kupanda wala kushuka. Ni sawa na mganga ambaye mgonjwa akipona husema ni dawa, na akifa husema ni dawa.

Fikira hii ina wazazi wanaojulikana. Ellen Churchill Semple, mwanamke msomi aliyezaliwa mwaka 1863 katika Louisville, ukingoni mwa mto Ohio huo huo, alitoa mwaka 1911 kitabu kikubwa kilichofundisha kwamba binadamu ni zao la uso wa dunia. Miaka minne baadaye Ellsworth Huntington alitoa kitabu juu ya ustaarabu na hali ya hewa, akachora ramani ya dunia na kuyagawia mataifa nguvu na akili kwa kipimo cha joto na baridi; na nchi zetu za jua kali ziliwekwa chini kabisa. Msomaji wa Kiafrika anayeitikia kwa kichwa akiambiwa kwamba Cairo uliuawa na mito, na aitazame ramani ile ya mwaka 1915. Hoja ni moja, na yeye mwenyewe yumo ndani yake. Lucien Febvre, mwanahistoria wa Ufaransa, aliijibu fikira hiyo mwaka 1922, akasema kwamba ardhi hutoa nafasi, na mwanadamu ndiye achaguaye. Ni jambo la kusikitisha kwamba jibu hilo laishi katika madarasa ya juu tu, na katika magazeti na vitabu vya safari hoja ya zamani ingali yatawala.

Ushahidi wa kuwatoa mito hatiani haupo mbali. Panda mto Ohio kutoka Cairo, mwendo wa saa moja kwa gari, utafika Paducah, katika jimbo la Kentucky, mahali mto Tennessee uingiapo katika Ohio. Nao pia ni mji wa makutano. Nao pia ulikuwa wa meli za moshi na baadaye wa reli. Mwezi wa Januari 1937 Ohio ulifurika kuliko wakati wowote unaokumbukwa. Katika Cairo maji yalipanda hadi futi 59.5, na ukuta ulikuwa futi 60. Watu wakauongeza kimo kwa mbao na udongo, tuta la Birds Point upande wa pili wa Mississippi likavunjwa ili maji yapate pa kwenda, na mji ukasalimika. Katika Paducah maji yaliingia, na watu wapatao 27,000 wakalazimika kukimbia makwao. Kama mto ndio uuao miji, mwenye kufa angekuwa Paducah. Walakini hesabu ya mwaka 2020 ilikuta Paducah watu 27,137, na Cairo, ulionusurika, watu 1,733.

Labda mtu atajibu kwamba Paducah ulipewa na serikali kiwanda cha kutayarishia urani, kilichoanza kazi mwaka 1952. Ni kweli, lakini kiwanda hakikuota kando ya mto kama mwanzi. Kilipelekwa na watu, kwa uamuzi wa watu. Wala sisemi kwamba Paducah ulikuwa mji wa malaika. Ubaguzi wa rangi ulikuwako huko pia. Nasema tu kwamba mafuriko si sababu, maadam mji uliofurikwa uko hai. Na Chicago je? Ulijengwa katika kinamasi. Katika miaka ya 1850 na 1860 majumba yake yaliinuliwa kwa jeki ili njia zipandishwe juu ya matope, na mwaka 1900 mto wake uligeuzwa utiririke kinyume. Hakuna asemaye kwamba Chicago uliwekewa tangu azali kuwa mdogo.

Hoja ya pili ya wapinzani ina nguvu zaidi, nayo ni ya madaraja. Cairo uliishi, wasema, kwa kupakia na kupakua: reli ya Illinois Central ilifika huko katika miaka ya 1850, na mabehewa yakavushwa kwa pantoni, daraja la reli juu ya Ohio lilipofunguliwa mwaka 1889, mizigo ikapita bila kusimama, yakafuata madaraja ya magari, la Mississippi mwaka 1929, na la Ohio kabla ya muongo uliofuata kwisha, mwisho ikaja barabara kuu ya leo, iliyouacha mji kando na kuvuka Mississippi kwa daraja lake mwaka 1978. Sikatai kwamba mabadiliko hayo yaliondoa kazi nyingi. Lakini hebu tuweke miaka kando ya hesabu. Mwaka 1890, mwaka mmoja baada ya daraja la reli, mji ulikuwa na watu 10,324. Miaka thelathini baadaye ulikuwa na 15,203. Mwaka 1940, baada ya madaraja yote mawili ya magari, ulikuwa bado na watu 14,407. Daraja la mwaka 1978 lilikuta mji umekwisha kupungua zaidi ya nusu. Muuaji gani huyu ambaye akipiga, aliyepigwa hunenepa, na wakati mwingine hufika baada ya maziko?

Anguko kubwa lina tarehe yake. Mwaka 1950 walikuwako watu 12,123; mwaka 1960, watu 9,348; mwaka 1970, watu 6,277. Katika muongo mmoja wa 1960 hadi 1970 mji ulipoteza theluthi ya watu wake. Ni lazima tuulize nini kilitokea katika miaka hiyo, na nini kiliiandaa.

Illinois lilikuwa jimbo lisilo na utumwa, lakini Cairo uko kusini zaidi ya Richmond, mji uliokuwa makao makuu ya majimbo ya watumwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1853 jimbo hilo lilitunga sheria ya kuwakataza watu weusi kuhamia humo, na sheria hiyo haikufutwa mpaka 1865. Vita vilipoanza, Jenerali Ulysses Grant aliweka makao yake Cairo mwaka 1861, na watumwa waliotoroka kutoka kusini wakafurika humo, wakawekwa kambini. Katika kitabu cha Mark Twain juu ya kijana Huckleberry Finn, Cairo ndio mji ambao Jim, mtumwa mtoro, autazamia kwa hamu, kwa kuwa hapo njia ya uhuru hugeuka kupanda Ohio. Watu weusi wakakaa, wakajenga makanisa na shule, wakawa zaidi ya theluthi ya mji. Mji ukawapokea kama mikono ya kazi, ukakataa kuwapokea kama raia.

Usiku wa Novemba 11, 1909, umati wa maelfu ulimpokonya William James, mtu mweusi aliyeshitakiwa kwa mauaji na ambaye hakuna mahakama iliyomhukumu, kutoka mikononi mwa mkuu wa polisi wa wilaya. Ulimtundika chini ya tao la taa za umeme katika njia kuu, tao lililokuwa fahari ya mji, ukampiga risasi, ukauchoma mwili wake. Usiku huo huo umati ukamtoa gerezani mahabusi mwingine, mtu mweupe, ukamnyonga. Kwani mbwa aliyefundishwa kuuma jirani hachelewi kumwuma mwenyewe. Sheria ya Illinois ya mwaka 1905 ilisema kwamba mkuu wa polisi atakayenyang’anywa mahabusi na umati amepoteza kazi yake. Mkuu yule aliomba arudishwe kazini. Ida B. Wells, mwandishi mweusi, alisafiri hadi Cairo, akakusanya ushahidi, akasimama mbele ya gavana kupinga, na gavana akakataa kumrudisha. Hayakuwa maji yaliyofurika usiku ule.

Katika mwaka 1962 vijana walidai kuingia katika bwawa la kuogelea la mji. Miongoni mwao alikuwa John Lewis, aliyekuja kuwa mbunge wa Georgia katika bunge la taifa tangu 1987. Picha yake akiwa amepiga magoti na wenzake nje ya bwawa lile imeonekana duniani kote. Bwawa liliitwa klabu ya watu binafsi ili watu weusi wasiingie. Hatimaye likafungwa, likajazwa saruji. Msomaji, usilipite jambo hili upesi. Mji uliozungukwa na mito miwili iwezayo kuzamisha mtoto uliona heri watoto wote, weusi na weupe, wakose mahali salama pa kuogelea, kuliko kuoga pamoja. Hapo ndipo mtindo wa kujiua ulipoonekana wazi.

Mwezi wa Julai 1967 askari mmoja kijana mweusi, aliyekuwa likizoni, alikutwa amekufa kwa kitanzi katika chumba cha polisi. Polisi walisema amejinyonga. Watu weusi hawakusadiki. Zikafuata siku za fujo, na askari wa akiba wa jimbo wakaletwa. Wanaume weupe wakajifanyia kikosi, wakavaa kofia nyeupe na kuzunguka na bunduki. Nyumba za Pyramid Courts, walimokaa watu weusi, zikapigwa risasi usiku. Ndipo mwezi wa Aprili 1969 chama cha United Front, kikiongozwa na kasisi Charles Koen, kilipotangaza kususia maduka ya watu weupe. Dai lao kubwa halikuwa la ajabu: mtu mweusi anunuaye dukani aweze pia kuajiriwa dukani.

Wako wasemao kwamba mgomo huo ndio uliouua mji. Hii ni hoja ya tatu, nayo ni mbaya kuliko zile mbili, kwa kuwa humfanya aliyepigwa kuwa mkosaji kwa sababu alilia. Hesabu ya mwaka 1970 ilipofanywa mgomo ulikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na mji ulikuwa umekwisha poteza theluthi ya watu katika muongo ule. Zaidi ya hayo, mgomo wa kununua haufungi duka. Mwenye duka ndiye afungaye. Tume ya Marekani ya Haki za Raia ilisikiliza ushahidi mjini humo mwaka 1972. Wenye maduka walipewa kuchagua kati ya kumwajiri jirani yao na kufunga mlango, na wengi walichagua kufunga.

Na sheria ilikuwa wapi? Watu wa Cairo, kumi na saba weusi na wawili weupe, walishitaki kwamba mahakimu wa huko huwatoza watu weusi dhamana na adhabu kali kuliko wengine. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1974 kwamba hawakuonyesha madhara yaliyo dhahiri na ya karibu, kwa hiyo hawakustahili kusikilizwa. Tangu 1913 wakubwa wa mji walichaguliwa kwa kura ya mji mzima pamoja, hata zaidi ya theluthi ya watu wasipate kiti hata kimoja. Ilihitaji kesi nyingine, na mwaka 1980, kubadili utaratibu huo uwe wa mitaa. Kwa miaka sitini na saba mtu mweusi alilipa kodi ya kujenga ukuta wa kuzuia maji, asiwe na sauti juu ya mji uliomo ndani ya ukuta. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Cairo ulijenga ukuta wa mita nyingi, ukauacha ufa.

Hata mafuriko yenyewe, tukiyatazama kwa makini, ni habari za watu. Mwaka 2011 maji yalipanda Cairo kupita futi 61, na usiku wa Mei 2 wahandisi wa jeshi wakalilipua tena tuta la Birds Point, wakafunika kwa maji ekari 130,000 za mashamba ya Missouri. Spika wa bunge la Missouri, alipoulizwa kabla ya hapo lipi lizame, mashamba au Cairo, alijibu kwamba Cairo. Baadaye akaomba radhi. Na katika bonde lililofurikishwa kilikuwamo kijiji cha Pinhook, kilichojengwa na wakulima weusi waliokuwa wamekataliwa kununua ardhi mahali pengine, nacho kikaangamia. Mto haukujua nani yuko bondeni. Aliyemzuia mkulima mweusi kununua nchi ya juu alijua.

Mwaka 2017 serikali ya taifa ilitangaza kubomoa nyumba za Elmwood na McBride katika Cairo, zilizojengwa katika miaka ya 1940. Zilikuwa zimeharibika kwa sababu wasimamizi wake hawakuzitunza, hata serikali ikawanyang’anya usimamizi mwaka uliotangulia. Wakazi wapatao 400 wakaambiwa wahame, na kwa kuwa mjini hapakuwa na nyumba nyingine za kutosha, kuhama nyumba kulikuwa ni kuhama mji. Wako waliosema kwa upole kwamba haifai kujenga upya katika mji unaokufa. Hapa ndipo fikira niliyoipinga inapoacha kuwa mchezo wa wasomi. Imani ya kwamba mji ulihukumiwa na ardhi huwa ruhusa ya kutoutengenezea bomba, kutoujengea nyumba, na kutowauliza waliozivunja.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi watakaoandika juu ya Cairo, au juu ya mji wowote ulioanguka, wafanye jambo moja lililo jepesi. Kando ya kila sababu waitajayo waandike mwaka wake, na kando ya mwaka waandike hesabu ya watu. Sababu iliyokuja baada ya anguko itajitoa yenyewe. Sababu iliyokuwako mji ulipostawi itajitoa pia. Itakayobaki waiandikie jina la mtu aliyeamua, au la baraza lililopiga kura, au la sheria iliyotungwa. Na ikiwa baada ya kazi hiyo bado limebaki jina la mto, basi na ushitakiwe.